Masurufu Yatokayo Ng'ambo na Mizani ya Fedha



Katika nyumba za pwani yetu liko neno moja ambalo vijana wa leo hulisikia vinywani mwa bibi zao zaidi kuliko katika magazeti, nalo ni masurufu, yaani zile fedha ambazo mwenye nyumba huzitia mkononi mwa mkewe kabla ya kutoka asubuhi, ili zipatikane unga, samaki, nazi na mafuta, na kikibaki chochote kiwekwe kwa ajili ya kesho. Neno hili lina ndugu wawili wa nasaba moja ambao tunaishi nao bila ya kujua udugu wao: sarafu, ile tuitiayo mfukoni, na sarufi, ile wafundishwayo watoto darasani. Yote matatu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza: mwanasarufi huligeuza neno likazaa maneno mengine, mbadili sarafu huigeuza dhahabu ikawa fedha, na mama wa nyumba huigeuza fedha ikawa chakula. Nimeanza na nasaba hiyo kwa makusudi, kwa sababu jambo nililoitwa kulizungumza jioni hii ni masurufu ya namna ya pekee, ambayo mwenye kuyatoa yuko Doha, Maskati au London, na mwenye kuyapokea yuko Kibokoni, Lamu au Ng'ambo ya Unguja. Na kati ya mkono ule na mkono huu fedha hugeuzwa sura, na katika kule kugeuzwa hupunguka, na mwenye kupunguziwa aghalabu hajui ni nani aliyepunguza wala ni kiasi gani.

Pwani hii si ngeni kwa fedha za watu wengine. Babu zetu walihesabu mali zao kwa reale ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa, aliyefariki mwaka 1780, na reale hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 muda mrefu baada ya mwenyewe kuzikwa, kwa kuwa wafanya biashara walikwisha kuizoea na kuiamini. Sayyid Barghash naye alipigisha reale yake mwaka 1882. Kutoka Bara Hindi zikaja rupia na paisa, ambayo sisi tuliiita pesa, ikaja na hundi, ile barua ya mfanya biashara iliyokuwa ikilipwa katika bandari nyingine kwa kuaminiwa saini iliyo chini yake. Wadachi wakaileta katika himaya yao heller mwaka 1904, na ingawa utawala wao ulikwisha kuondoka, hela yao imebaki midomoni mwetu. Basi mtu akisema leo kwamba hana pesa, na jirani yake akasema kwamba hana hela, wote wawili wanasimulia, bila ya kukusudia, jinsi thamani ya jasho la watu wetu ilivyokuwa ikipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa mbali nao.

Na vipimo hivyo viliweza kubadilishwa watu wakiwa wamelala. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza. Vita vilipokwisha bei ya madini ya fedha ilikuwa imepanda sana duniani, na rupia, kwa kuwa ilikuwa ya fedha, ikapanda pamoja nayo, hata mwaka 1920 serikali ya Uingereza ikaamuru kwamba rupia katika nchi hizi ihesabiwe kuwa shilingi 2 za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Tazameni maana yake: mtu aliyekopa rupia 1,500 wakati zilipokuwa pauni 100, alijikuta anadaiwa pauni 150, ilhali hakuongeza kukopa hata kijiko. Ikaja fulorini, ambayo haikudumu, na baada yake ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni, chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London. Unguja ikaingia katika shilingi hiyo mwaka 1936.

Sitaki mtu adhani kwamba ninautamani ukoloni, hasha. Lakini ukweli wa historia hauna budi kusemwa. Katika siku hizo mama aliyekuwa Tanga, mwanawe akifanya kazi ya upakizi katika bandari ya Kilindini, Mombasa, au ukarani Kampala, alipelekewa shilingi ikafika shilingi. Mwana alikwenda posta, akakata hawala ya posta, akailipia ada iliyoandikwa wazi, na mama akaenda posta ya kwao akapokea idadi ile ile iliyoandikwa. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake, na kila nchi huru ilikuwa na haki na sababu ya kufanya hivyo. Walakini leo, katika zama za simu ya mkononi, njia za kupeleka fedha kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zake, Kenya na Uganda, zimekuwa zikitajwa na Benki ya Dunia miongoni mwa njia zilizo ghali kabisa ulimwenguni. Masafa kutoka Tanga hata Mombasa hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni mlango wa kubadilishia fedha katikati ya njia, na katika mlango huo amesimama mtu anayetaka ujira wake.

Ni nani huyo, na ujira wake unatoka wapi? Ili tumwelewe yatupasa kwanza tuelewe kwamba fedha ya kigeni ni bidhaa, nayo ina bei kama nguru wa mnadani. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mashua haziendi mbali, samaki huwa haba na bei hupanda. Bahari ikitulia, samaki hujaa na bei hushuka. Dola nazo huingia katika nchi kwa milango inayojulikana: majani chai, kahawa, korosho, dhahabu, watalii, mikopo, na watoto wetu walio ng'ambo, na hutoka kwa milango inayojulikana vile vile: mafuta ya petroli, ngano, mashine, dawa na malipo ya madeni. Katika mwaka 2024 Wakenya walio nje waliwapelekea jamaa zao takriban dola bilioni 4.9, fedha zilizopita kwa mbali zile zilizoletwa na majani chai, zao tunalojivunia siku zote kwa haki. Basi yaya aliyeko Riyadh na muuguzi aliyeko Boston ni nguzo za shilingi yetu, ijapokuwa majina yao hayatajwi bungeni siku ya bajeti.

Mwaka huo huo wa 2024 ulitupa somo ambalo wengi walilipata bila ya mwalimu. Mwezi wa Januari dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya, kwa kuwa watu waliogopa kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva mwezi wa Juni. Mwezi wa Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 na kuanza kulipunguza lile deni la zamani, hofu ikaondoka, na ilipofika Idi ya mfungo wa Ramadhani dola ilikuwa imeshuka hata karibu na 130. Magazeti yakaandika kwamba shilingi imepata nguvu, na ilikuwa kweli. Lakini mtoto aliyekuwa akipeleka dola 100 kila mwezi aliendelea kupeleka dola 100 zile zile, na kwao zilipokuwa zikifika 16,000 zikafika 13,000. Kodi ya nyumba haikushuka, karo ya shule haikushuka, na nguo za Idi zilikuwa na bei iliyo ile ile. Najua nyumba ambamo maneno mabaya yalisemwa juu ya kijana kwamba ameanza kuwasahau wazee wake, ilhali kijana hakupunguza hata senti moja. Ugomvi huo ulikuwa wa dhuluma, na dawa yake ilikuwa ni kujua hesabu tu. Walio Ghuba hawazioni tufani hizi kwao, maana dirhamu ya Imarati imefungwa na dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, na rial ya Oman imefungwa nayo kwa bei moja tangu 1986 bila ya kuguswa. Kwa hiyo mtu wa Maskati akiona fedha zake zimefika nyingi au chache kwao, ajue kwamba aliyetikisika ni shilingi.

Kupanda na kushuka kwa namna hiyo ni kazi ya soko, na hakuna wa kushitakiwa. Nililo nalo moyoni ni lingine, nami nitalieleza kwa jambo lililonifika mimi mwenyewe.

Kutoka mwaka 1994 hata 1997 nilikuwa mwanafunzi Uingereza, na jioni nilikuwa nikiosha vyombo katika mkahawa. Kila mwezi nilimpelekea mama yangu pauni 50, nami nilizipelekea katika duka moja la kubadilisha fedha lililokuwa na tangazo kubwa dirishani la kusema kwamba halitozi ada yoyote, na nilimshukuru mwenye duka kila mara nilipotoka, nikiamini kwamba ananifanyia ihsani. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakusoma shule ya serikali. Alisoma chuo cha Kurani, na hati aliyoijua ni ya Kiarabu. Alikuwa na daftari la miraba, la jalada la kijani, ambalo kila ukurasa wake ulianza kuliani kwa mwezi wa Kiislamu, katikati ukawa na idadi ya pauni nilizomwandikia katika barua, na kushotoni shilingi alizopewa mkononi, hata senti alizitia. Nyuma ya daftari, akilifungua upande wa pili, aliandika madeni ya dukani: mchele pishi mbili, sukari, mafuta ya taa, sabuni, na madeni hayo yalikuwa yakianza kila tarehe 20 na kuendelea, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu masurufu yalikuwa yakikoma siku chache kabla ya mwezi kwisha.

Alipofariki nilirithi daftari hilo, nikalichukua hata maktaba, nikakaa siku tatu nikilinganisha kila mstari wake na bei ya pauni iliyochapwa gazetini katika juma lile. Hapana mwezi hata mmoja ambao bei aliyopewa mama ilikuwa bei ya siku. Katika kila pauni moja zilipungua shilingi 3, au 4, au 5. Miezi 36 kwa pauni 50 ni pauni 1,800, na nikichukua shilingi 4 kuwa ndiyo wastani, basi nyumba yetu ilitoa shilingi 7,200 kumlipa mtu aliyesema kwamba hatozi kitu. Niligeuza daftari upande wa pili, nikaanza kujumlisha mchele na sukari za baada ya tarehe 20, nikashindwa kuendelea.

Mtu huyo hakuvunja sheria. Hakuficha bei yake. Mtu akiuliza aliambiwa. Aliandika kwa herufi kubwa lile lisilokuwapo, na lile lililokuwapo aliliacha kwenye ubao mdogo wa tarakimu ambao mwosha vyombo wa miaka 22 hakuwa na ilimu ya kuusoma. Ndiyo maana nasema kwamba bei ya kubadilishia fedha ni pishi. Zamani mwenye duka alipopima mchele, mnunuzi aliutazama mkono wake, asije akatia kidole gumba ndani ya pishi kikachukua nafasi ya nafaka. Na kila Mwislamu anajua kwamba Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la hao wapunjao vipimo. Pishi ya mchele tulijifunza kuitazama. Hii ya fedha bado.

Tuifanye hesabu ya leo pamoja, ili asiwepo atakayesema kwamba hiyo ni hadithi ya kale. Tuseme dola moja ni shilingi 129. Na kwa kuwa dola ni dirhamu 3.6725, dirhamu moja inakuwa shilingi 35 na senti 13 hivi. Binti yetu aliyeko Dubai anataka kumpelekea babake dirhamu 1,000, ambazo kwa bei ya kati, ile ambayo mabenki huuziana yenyewe kwa yenyewe, ni kama shilingi 35,126. Duka la kwanza linasema: ada hakuna, na bei yetu ni 34.20, mzee atapokea shilingi 34,200. Duka la pili linasema: ada ni dirhamu 15, na bei yetu ni 34.95, zitageuzwa dirhamu 985, na mzee atapokea shilingi 34,425. Wengi wetu tungelikimbilia duka la kwanza, na kila mwezi tungeliacha huko shilingi 225 zaidi ya zile ambazo tungeliziacha katika duka la pili, tukiita hasara hiyo bure. Na duka hilo la kwanza limechukua shilingi 926 katika fedha za mwezi mmoja; kwa mwaka ni 11,112. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu, nalo halihitaji elimu ya chuo kikuu: nikikupa dirhamu hizi zote, mkononi mwa baba yangu zitafika shilingi ngapi? Mwenye duka akijibu kwa kutaja ada, au kwa kutaja bei, muulizeni tena lile lile hata ajibu kwa idadi ya shilingi.

Sisemi kwamba mbadili fedha afanye kazi pasipo ujira. Ana kodi ya duka, ana walinzi, ana fedha zilizolala sandukuni zikisubiri mteja, na bei ikianguka usiku hasara ni yake. Lakini ujira una kiasi chake: Umoja wa Mataifa mwaka 2015 uliweka lengo kwamba kufikia 2030 gharama yote ya kupeleka fedha, ada pamoja na kile kinachojificha ndani ya bei, isizidi asilimia 3. Afrika iliyo kusini ya Sahara ndiyo sehemu ya dunia yenye gharama kubwa kuliko zote, karibu na asilimia 8 kwa mwenye kupeleka dola 200. Yaani dola 16 huachwa njiani, na watu maskini kuliko wote ndio wanaolipa zaidi kuliko wote.

Wako waliokimbia milango hiyo ya kubadilishia na kurejea katika hawala ya kale. Mtu humpa dirhamu zake mwenye duka katika soko la Deira, Dubai, huyo akampigia simu mwenziwe wa Mombasa, na kabla ya adhuhuri nyumba imekwisha kupokea. Fedha yenyewe haikusafiri. Lililosafiri ni neno, na wale wawili hulipana baadaye kwa shehena ya nguo au ya vipuri. Ni njia nzuri, yenye bei nafuu, na imewahudumia ndugu zetu Wasomali katika miaka ambayo nchi yao haikuwa na benki hata moja ya kutegemewa. Lakini haina stakabadhi, na mwezi wa Novemba 2001, Marekani ilipolifungia shirika la Al-Barakaat, lililokuwa kubwa kabisa katika hawala za Wasomali, familia nyingi zilibaki zikingoja masurufu ambayo hayakuwa na njia ya kufika.

Na wako waliokimbia kwa namna nyingine. Jamaa zangu wa Unguja wanakumbuka miaka ya themanini kabla ya mwaka 1986, wakati bei ya serikali ya dola haikufika hata shilingi 20, na bei ya kichochoroni ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Mtu wa Maskati aliyepeleka fedha kwao kwa benki alijiona anazitupa baharini. Kwa hiyo alipeleka vitambaa, sabuni, maziwa ya unga na betri za redio, na nyumba ikajigeuza duka ili ipate kula. Ilipofika 1992 Tanzania ikapitisha sheria mpya ya fedha za kigeni na maduka ya kubadilishia yakafunguliwa hadharani, na ule mzigo wa vitambaa ukapungua. Mnaona basi kwamba watu hawaichukii njia iliyo halali. Wanachokichukia ni kupunjwa.

Kwa hayo nina ombi kwa wenye mamlaka katika benki zetu kuu. Mwuza petroli akipunguza mafuta anajulikana, mwuza nyama mizani yake inapigwa muhuri na mkaguzi wa vipimo. Na iwe vivyo hivyo kwa mbadili fedha. Kila stakabadhi ya fedha zitokazo ng'ambo iandikwe, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka, mambo matatu: bei ya kati ya siku ile, bei aliyopewa mteja, na tofauti ya hizo mbili ikihesabiwa kwa shilingi na kujumlishwa pamoja na ada. Neno bure lisiruhusiwe dirishani mwa duka lolote ambalo tofauti hiyo si sifuri. Hakuna mtambo wa kununuliwa kwa ajili ya jambo hili. Hesabu hiyo inafanywa na mashine zao kila siku, na wenyewe wanaijua hata senti ya mwisho.

Nanyi wazee wangu mlioketi hapa, ambao nusu yenu, nikikadiria, mna mtoto au mjukuu Bara Arabu, Uingereza au Marekani, msingoje sheria hiyo. Mwezi huu nunueni daftari. Andikeni siku, fedha iliyotoka kule, shilingi iliyofika hapa, na bei ya siku ile kama ilivyotangazwa na Benki Kuu. Baada ya miezi mitatu mpeni mtoto aliyeko kule ayasome yale mliyoyaandika, naye atajua aende duka gani. Hati yoyote mnayoijua inatosha.